Jumapili dhoruba ya theluji inakuja: tufunge ibada au kila mtu aamue mwenyewe?

KatibuMnyonge · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Nipo Buffalo, New York. Ni katibu wa kanisa letu dogo la Kiswahili, waumini kama tisini, wengi asili yetu Kivu, mashariki mwa Kongo, na tumekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kabla ya kuletwa huku. Jengo hatuna. Tunakodi ukumbi kwa kanisa la Wamarekani, wao wanasali asubuhi, sisi tunaingia saa saba mchana.

Keshokutwa tunapokea kwaya ya wageni kutoka Rochester. Sombe (kisamvu) imeshatwangwa, masufuria matatu makubwa yako jikoni kwa mama mmoja pale West Side. Sasa jioni hii Idara ya Hali ya Hewa imetoa onyo: kuanzia Jumamosi usiku mpaka Jumapili jioni, theluji ya ziwani, upepo mkali, na baridi ukiichanganya na huo upepo mwili utahisi kama hasi 28 za Selsiasi.

Baraza tumekaa kwenye simu saa nzima. Watatu wanasema tufunge, watatu wanasema tusali. Mchungaji akamaliza kwa kusema kila mtu aongozwe na moyo wake, atakayeweza aje. Wote tukaitikia amina, tukakata simu.

Silali. Tuna bibi wa miaka 74 anayekaa peke yake, na tangu tuanze kukodi ule ukumbi hajakosa Jumapili hata moja. Nikimwambia "ukiweza uje", huyo ataweza. Mnanishaurije?

---

Simba_wa_Yuda · saa 3:58 usiku

Katibu, jibu unalo ila hulitaki. Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika. Halafu nikuulize: Jumatatu wewe na hao baraza mtakuwa wapi saa kumi alfajiri? Barabarani mnaenda kiwandani, theluji ianguke isianguke. Kwa bosi mnafika, kwa Mungu mnaangalia utabiri. Wazazi wetu kule Kivu walisali huku risasi zinalia.

---

Makete_Halisi · saa 4:05 usiku

Mimi niko Makete hapa, na nimeamka kwenda haja ndogo nikaukuta huu uzi. Juni na Julai umande unaganda kwenye majani tunautazama, na misa ya kwanza tunaenda. Hasi 28 ndiyo ikoje wakuu? Friji la bia linafika huko?

---

KatibuMnyonge · saa 4:09 usiku

> *Friji la bia linafika huko?*

Friza ya nyumbani ni hasi 18. Ingia ndani ya hiyo friza, uwashe feni.

---

Makete_Halisi · saa 4:11 usiku

Fungeni.

---

Mama_Wawili · saa 4:30 usiku

Niko Minnesota mwaka wa tisa, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wauguzi. Naomba nimjibu Simba kwanza, maana hilo la "kazini mbona mnaenda" nalisikia kila Januari.

Mimi kazini naenda kwa sababu kuna wazee wamelala wanasubiri kugeuzwa kitandani. Wasipogeuzwa, ngozi inachunika. Wa kiwandani anaenda kwa sababu akikosa anakatwa pointi, na pointi zikiisha kazi imeisha. Sote tunaenda kwa kulazimika, wala si kwa imani. Mungu hakati pointi.

Januari 30, 2019 Minneapolis ilifika hasi 33 asubuhi, hiyo ni kabla ya kuhesabu upepo. Shule zilifungwa, na hata posta ilisimamisha kupeleka barua katika jimbo zima. Posta ya Marekani! Siku ile kikundi chetu cha maombi kilikutana. Tulikuwa sita, tukajiona mashujaa. Wakati wa kutoka gari la dada mmoja likakataa kuwaka, tukasimama nje kumsaidia na nyaya za betri. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa amevua glavu bila sisi kuona. Ncha za vidole viwili zikawa nyeupe kama nta ya mshumaa. Halii, hasemi kitu, maana hasikii maumivu tena. Vidole vilipona, lakini siku zikianza kupoa tu bado vinamuuma.

Baridi ya hasi 28 pamoja na upepo, ngozi iliyo wazi inaanza kuganda ndani ya nusu saa. Kutembea kwenda kituoni na kusubiri basi la Jumapili, nusu saa hiyo imeshapita.

---

Dereva_wa_Mwana · saa 4:52 usiku

Mimi niliwahi kuendesha gari la kanisa, jimbo silitaji. Ngoja niwaeleze jambo ambalo mchungaji akiwa nyumbani kwake halioni.

Ilikuwa Februari. Barabara ilikuwa nyeusi inang'aa, nikadhani ni maji. Nyuma nina watu kumi na mmoja, wanaimba. Nikagusa breki pale kwenye taa. Gari halikusimama, wala halikupiga kelele. Lilianza kuzunguka taratibu kama chapati inayogeuzwa. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Tulizunguka tukatazama tulikotoka, tairi la nyuma likagonga ukingo wa barabara, basi. Hakuna aliyeumia. Lakini kile kimya kati ya wimbo na ukingo ninacho mpaka leo.

Watu wanasema chumvi imemwagwa, barabara iko salama. Chumvi ya kawaida ikishapita kama hasi 9 inakuwa haifanyi kazi vizuri, barafu haiyeyuki. Na ile barafu nyembamba huioni, unaijua ukiwa juu yake.

Sasa nije kwenye hili la "kila mtu aamue". Abiria anaamua, sawa. Dereva je? Akipiga simu mtu mmoja tu akasema niko tayari nifuate, dereva lazima atoke. Na akishatoka kwa huyo mmoja, wengine watasema mbona gari limepita kwa fulani. Mchungaji alisema kila mtu aamue, ila mwisho wa siku aliyeamua kwa niaba ya watu kumi na wawili ni bibi mmoja mwenye simu.

---

Simba_wa_Yuda · saa 5:10 usiku

Pole dereva. Lakini hata ajali za jua kali zipo. Tukianza hivi tutafunga Desemba mpaka Machi.

Halafu mmesahau mwaka 2020 Bongo, Magufuli alisema nyumba za ibada hazifungwi, na...

---

Makete_Halisi · saa 5:12 usiku

Mkuu huo ni uzi mwingine. Una kurasa zake 300 na haujaisha.

---

Mzee_Uvira · Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Muko namna gani bandugu. Miye natoka Uvira, niko Iowa na bibi yangu na watoto. Nimesoma yote. Simba anasema Biblia, basi tusome Biblia.

Matendo 27. Paulo iko mufungwa ndani ya mashua, banamupeleka Roma. Wakati wa kusafiri salama umekwisha kupita, majira ya baridi inakaribia. Paulo akabaambia: hii safari itatupatia hasara, si ya mizigo tu, hata ya roho zetu. Yule mukubwa wa askari akamusikiliza nani? Akamusikiliza nahodha na mwenye mashua. Mwenye mashua alikuwa na mizigo yake ya kufikisha. Bakakwenda, tufani ikabashika siku kumi na ine, mashua ikavunjika. Batu 276.

Paulo hakukosa imani. Nani alikuwa na imani kumupita Paulo? Lakini aliona majira, akasema. Na huyo huyo Paulo anamuandikia Timoteo: jitahidi kuja mbele ya wakati wa baridi. Hakumuambia njoo tu, Mungu atakulinda na baridi.

Katibu, miye nauliza tu: kwenu hapo mwenye mashua ni nani?

---

KatibuMnyonge · saa 1:50 asubuhi

Mzee, umenigusa palepale. Acha niseme ambalo jana kwenye simu hakuna aliyelisema. Tukifunga Jumapili hakuna sadaka, na kodi ya ukumbi iko palepale mwisho wa mwezi. Desemba tulishafunga mara moja. Mwekahazina hakutaja pesa hata mara moja, alinukuu Zaburi tu. Lakini nilisikia.

Lingine. Mchungaji wetu anakaa kaskazini, upande wa Amherst. Wasioijua Buffalo niwaeleze hii theluji ya ziwani. Upepo unatoka kusini magharibi, unapita juu ya Ziwa Erie kwa urefu wake wote, unanyonya unyevu (ziwa mwaka huu halijaganda bado), ukifika nchi kavu unaumwaga. Ila unaumwaga kwenye mkanda mwembamba. Novemba 2022 Orchard Park na Hamburg, kusini mwa mji, walipata kama mita mbili za theluji. Kaskazini walipata kidogo tu, watu wanatoka na mbwa. Sasa mchungaji akifungua pazia Jumapili anaona jua. Familia zetu nane ziko Lackawanna, upande wa kusini, wao wakifungua mlango wanakuta ukuta mweupe. Akisema "hali si mbaya" hadanganyi. Anasema anachokiona dirishani kwake.

---

AbuSalim · saa 2:20 asubuhi

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, mtu wa Unguja, nipo Ontario, Kanada. Nimeingia kwa sababu jambo hili kwetu lina mapokeo yake na pengine litawafaa jirani zetu.

Katika usiku wa baridi na mvua, Mtume (s.a.w.) alikuwa akimuamuru muadhini atangaze kuwa watu waswali majumbani mwao. Imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar. Na ipo ya Ibn Abbas, siku ya Ijumaa yenye mvua: alimwambia muadhini, badala ya kusema "njooni kwenye swala", aseme "swalini majumbani mwenu". Watu wakaona ajabu. Akawajibu kwamba aliye bora kuliko yeye, yaani Mtume, alifanya hivyo, na kwamba Ijumaa ni wajibu, ila yeye alichukia kuwatoa watembee kwenye matope na utelezi.

Kinachonipendeza ni kuwa ruhusa inatoka kwenye adhana yenyewe. Haikuachiwa kila mtu ajipime kimoyomoyo nyumbani huku akiona haya kwa jirani. Sauti ileile inayoita ndiyo inayosema bakieni. Khasa kwa mzee, anahitaji kuisikia kutoka huko. Mwanawe akimwambia "leo usiende" atamuona anamzuilia kheri.

Sisi msikiti wetu tuna saa maalumu: swala ya Ijumaa ikiwa hatarini, ujumbe unatoka Alkhamisi baada ya Isha. Ukipita huo muda bila ujumbe, tunajua ipo.

---

Parokiani · saa 2:41 asubuhi

Hata kwetu Wakatoliki, Katekisimu namba 2181 inasema wajibu wa Jumapili upo isipokuwa kwa sababu nzito, kama ugonjwa au kulea mtoto mchanga. Na mchungaji wako anaweza kukupa ruhusa. Sijui kwa nini watu wanadhani Mungu hajawahi kuona theluji.

---

Buffalo716 · saa 3:05 asubuhi

Katibu mwenzangu wa mji mmoja, nashangaa hujaitaja Krismasi ya 2022. Au unaogopa kuikumbuka kama mimi.

Krismasi ile iliangukia Jumapili. Dhoruba ilianza Ijumaa tarehe 23. Marufuku ya kuendesha magari ilitangazwa saa tatu na nusu asubuhi siku hiyohiyo, watu wameshaingia kazini. Kurudi ndiyo ikawa kifo. Uwanja wa ndege ulirekodi saa 37 za dhoruba mfululizo na zaidi ya inchi 50 za theluji. Magari ya zimamoto na wagonjwa yalikwama barabarani, unapiga 911, namba ya dharura, unaambiwa subiri. Watu zaidi ya arobaini walikufa katika kaunti hii. Wapo waliokutwa ndani ya magari, wapo waliokutwa njiani wakitembea, wapo waliofia nyumbani kwao hita zikiwa zimezimika.

Mimi nilikaa ndani na watoto siku tatu, tukiwasha jiko la gesi kwa zamu dirisha likiwa wazi kidogo. Tulichojifunza mji mzima ni kwamba tangazo likichelewa kwa saa tatu ni kama halikutoka.

Na kama mnaogopa kuonekana waoga: Januari 2024 mechi ya mtoano ya Bills, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, na Steelers ilikuwa Jumapili, ikasogezwa Jumatatu kwa sababu ya theluji. Bills! Timu ambayo mashabiki wake wanavua mashati kwenye baridi. Klabu ikawa inalipa watu dola 20 kwa saa waje na sepetu kuondoa theluji kwenye viti. Mpira wenye pesa zote hizo uliahirishwa, nyie masufuria matatu ya sombe.

---

Simba_wa_Yuda · saa 3:30 asubuhi

Nimesoma yote usiku na asubuhi. Nakubali la dereva. Nakubali la wakati.

Ila na mimi mnisikie, maana mnaniona mbishi tu. Mimi nilifika Marekani peke yangu, mwaka wa kwanza sikuwa na mtu. Wiki nzima naongea na mashine kiwandani. Jumapili ndiyo siku pekee mtu alinishika mkono akaniita kwa jina. Januari ile wakafunga Jumapili mbili mfululizo. Ujumbe ulikuwa mmoja tu, "hakuna ibada, mbarikiwe". Siku kumi na tisa hakuna binadamu aliyeniuliza umekula. Mkifunga ni sekunde, mnabonyeza tu. Huyo bibi wa miaka 74 nani atamfuata? Hita yake ikizima Jumapili usiku, ni nani atajua?

---

Mama_Wawili · saa 3:44 asubuhi

Simba, hapo umenishika. Kwenye wazee wangu ninaowahudumia, anayekaa siku mbili bila kuongea na mtu unamjua hata kabla hujawasha taa.

Katibu, gawa majina. Watu tisini, kila mtu wa baraza achukue kaya nne tano, asikie sauti, asikubali ujumbe wa kidole gumba. Maswali yawe ya kijinga kabisa: hita inawaka? dawa zipo mpaka Jumanne? simu ina chaji? Na wenye magari waambiwe, ukikwama kwenye theluji usiwashe injini kabla hujatoka kufukua ekzosi. Theluji ikiziba pale, moshi unarudi ndani, na ile gesi yake ya sumu haina harufu ya kukuamsha.

---

Dereva_wa_Mwana · saa 3:50 asubuhi

Na kwaya ya Rochester ipigiwe SASA, siyo kesho. Wale wana saa moja na zaidi ya barabara kuu, na ikifungwa wakiwa katikati watalala humo. Kiongozi wa kwaya hatakubali kusema hatuji, atasubiri nyie mseme. Na nyie mnasubiri yeye aseme.

---

KatibuMnyonge · saa 9:15 alasiri

Nimempigia mchungaji. Sikumhubiria. Nilimsomea ujumbe wa AbuSalim wote, nikamwambia umeandikwa na Muislamu wa Unguja. Akakaa kimya kidogo, akasema "soma tena hapo kwenye utelezi". Nikasoma.

Saa nane kamili amerekodi sauti mwenyewe, dakika moja na nusu: kesho hatukusanyiki, mimi mchungaji wenu ndiye ninayewaambia mbaki nyumbani. Imeingia kwenye grupu. Maombi kwa Zoom saa saba. Sadaka atakayependa atume kwa Zelle (kutuma pesa kwa simu kupitia benki), hilo mwekahazina alilidai na tukampa.

Rochester walishusha pumzi hadi nikaisikia. Kiongozi wao ananiambia tangu jana alikuwa anaomba nipige.

Kaya tumegawana. Bibi nimemchukua mimi. Alikasirika, akaniuliza mchungaji anaumwa? Nikamchezea ile sauti. Akasema "kama ni yeye amesema, sawa", halafu akaniambia hita yake ina sauti ya ajabu tangu Alhamisi. Tangu Alhamisi! Nimeenda, kichujio kimejaa vumbi kama manyoya ya paka. Nimebadilisha.

---

Simba_wa_Yuda · saa 9:21 alasiri

Amina. Umekula kwake?

---

KatibuMnyonge · saa 9:24 alasiri

Sikuruhusiwa kutoka bila kula.

---

KatibuMnyonge · Jumapili, saa 2:30 usiku

Mrejesho, na siyo wote mzuri.

Dhoruba ilifika kama walivyosema. Lackawanna marufuku ya kuendesha tangu usiku. Amherst jua, kama nilivyosema. Zoom waliingia simu 31, bibi hakujua kuzima maiki, tumesikia redio yake ibada nzima.

Kwenye saa saba na robo akanipigia mhudumu wa usafi wa lile kanisa la Wamarekani, anakaa nyumba ya pili. Kuna watu wako mlangoni, anasema. Ni familia iliyofika Novemba kutoka Nyarugusu, baba, mama na watoto wawili. Hawamo kwenye grupu. Simu waliyopewa walipofika iliisha muda wa maongezi, hakuna aliyeijaza. Na kwenye ile orodha yetu nzuri ya kugawana kaya, niliiandika mimi mwenyewe kutoka kwenye grupu. Kwa hiyo hawakuwemo.

Walitembea dakika ishirini na tano. Mama alikuwa amevaa viatu vya wazi na soksi mbili mbili. Yule mhudumu amewaingiza kwake, amewapa supu ya kopo, watoto wamelala kwenye kochi lake mpaka jirani mmoja mwenye gari kubwa alipowarudisha jioni. Vidole vya wote viko sawa, nimeviangalia kwa video kimoja kimoja. Baba ananiambia aliona theluji nyingi, akadhani ndiyo Jumapili ya kawaida ya huku.

---

Mama_Wawili · saa 2:41 usiku

Mungu wangu. Kuanzia sasa hata mkifunga, mwenye kukaa karibu asimame pale mlangoni nusu saa. Ndani ya gari, hita inawaka.

---

Dereva_wa_Mwana · saa 2:43 usiku

Na ekzosi imefukuliwa.

---

Mzee_Uvira · saa 2:50 usiku

Viatu ya yule mama ni namba ngapi? Bibi yangu anauliza.

---

KatibuMnyonge · saa 2:58 usiku

Namba 38, Mzee. Ile ya kwetu, siyo ya Marekani. Nakutumia anwani faragha.

---

Makete_Halisi · saa 3:02 usiku

Samahani wakuu, nimefuatilia uzi mzima tangu juzi sijalala vizuri. Ile sombe iliishia wapi?

---

KatibuMnyonge · saa 3:06 usiku

Friji halikutosha, mama akayaweka masufuria nje kwenye veranda. Tumetoka kuyaangalia sasa hivi. Kijiko kimesimama katikati, hakitoki.